Kabla Hujaweka Mita, Unategemea Kusoma Nini?

Vijana wa vyuo wakija kwetu Mbeya kwa mafunzo ya vitendo, nina swali ninalowauliza kabla hatujafungua kifaa chochote. Nachora kwenye karatasi betri ya volti 12, swichi, na taa ndogo ya wati 6, vyote vikiwa kwenye mzunguko mmoja wa waya. Swichi imezimwa, taa haiwaki. Nikiweka ncha mbili za mita kwenye miguu miwili ya swichi, nitasoma volti ngapi?

Wengi wanajibu sifuri. Wanasema umeme haupiti, kwa hiyo hapo hakuna kitu. Jibu ni 12. Ndani ya taa hakuna mkondo, kwa hiyo taa haili volti yoyote, na volti zote za betri zinakwenda kukaa pale kwenye swichi, mzunguko ulipokatika. Washa swichi, mambo yanageuka: swichi inasoma karibu na sifuri, taa inasoma 12, na mkondo unaopita ni nusu ampea.

Wanaokosa swali hili si watoto wadogo. Wapo wenye diploma, wapo walio mwaka wa tatu wa uhandisi wa mawasiliano. Wanaandika programu za kuendesha Arduino, zile bodi ndogo za kompyuta, wanaseti mtandao wa kituo kizima kwa laptopu, na yako mambo mengi ambayo wao ndio wananifundisha mimi. Kanuni ya Ohm, ambayo yule Mjerumani Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827, wanaitaja bila kusita: volti ni ampea mara omu (ampea ni za mkondo, omu ni za ukinzani unaouzuia). Waliifanyia mtihani sekondari, wakaifanyia tena chuoni. Shida inaanza pale ambapo hakuna mtu aliyewapa namba mbili ili watafute ya tatu.

Nimeishi kwa kutengeneza redio na mitambo ya kurushia matangazo katika nyanda hizi za juu, kuanzia Tunduma mpaka Iringa, na jambo hili linaniuma. Ndiyo maana naandika.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na banda Mwanjelwa, enzi za soko la zamani kabla halijaungua. Alikuwa mtu wa Tukuyu, amejifunzia redio jeshini. Wateja wake walikuwa wakulima na madereva wa malori, watu waliotaka taarifa ya habari ya Redio Tanzania na, jioni, idhaa za Kiswahili za BBC na za Ujerumani kwenye masafa mafupi. Redio nyingi zilikuwa za betri nne, volti 6, plastiki imepasuka na kufungwa mpira wa baiskeli.

Mita yake ilikuwa ile ya mshale, na hakuruhusu mtu aishike hivihivi. Ukinyoosha mkono kuichukua anakuuliza, "Unategemea kuona nini?" Ukimjibu, "Sijui tata, napima tu," anairudisha kwenye droo. Ilibidi useme kwanza: hapa kwenye betri nategemea volti 6 na ushee, maana ni mpya. Hapa kati ya besi na emita, miguu miwili kati ya mitatu ya transista hii ya silikoni, kile kidude kinachokuza mkondo, nategemea 0.6 hadi 0.7. Ile ya jermaniamu, 0.2 hadi 0.3. Ukishasema ndipo anakupa mita. Mshale ukienda pengine, unajua hapohapo kuwa umegusa penye ugonjwa, au kuwa hukuielewa saketi. Yote mawili ni faida.

Kwa betri alitufundisha kitu ambacho mpaka leo nakitumia kila wiki. Betri ya tochi iliyochoka ukiipima peke yake inaweza kusoma 1.4, ukaiona nzima. Ipe mzigo, hata kitaa kidogo, uangalie tena: inaporomoka. Ndani ya betri kuna ukinzani wake yenyewe, unaoongezeka kadiri inavyochakaa, na ukinzani huo hauonekani mpaka mkondo upite. Watu wa vijijini walikuwa wakianika betri juani, na kweli zilifufuka kidogo, kwa sababu joto linachangamsha kemikali za ndani. Mzee hakuwacheka. Alitueleza sababu, akatuambia zitachoka tena usiku huohuo.

Kisha kulikuwa na kipimo cha kidole. Kila fundi wa zamani anakijua. Redio ni bubu, hujui ugonjwa uko mbele au nyuma. Unagusa mguu wa kati wa volyumu kwa bisibisi, kidole chako kikiwa kwenye chuma. Spika ikivuma "vuuu", basi kuanzia volyumu mpaka spika hakuna ubovu, tafuta nyuma kuelekea antena. Isipovuma, ugonjwa uko upande wa spika. Kwa mguso mmoja umeigawa redio nusu kwa nusu.

Sasa, mzee alitumwa Makete kutengeneza redio za shule moja, wakati huo kijiji kile hakijafikiwa na nguzo za umeme, nami nikafuatana naye pamoja na mwanafunzi mwenzangu. Mwenzangu akagusa volyumu kwenye redio ya kwanza: kimya. Ya pili: kimya. Ya tatu: kimya. Akasema ampulifaya zote tatu zimekufa. Mzee akamuuliza ule mvumo wa Mwanjelwa unatoka wapi. Tukanyamaza. Akatueleza kuwa mwili wa mtu unanasa umeme wa nyaya za nyumbani, ule unaotikisika mara 50 kwa sekunde, na kidole ndicho kinachoupeleka kwenye redio. Kule Makete hakukuwa na nyaya. Kidole kilikuwa hakina kitu cha kupeleka.

Akachukua mita, akaiweka kwenye kipimo cha omu. Mita ya mshale ikiwa kwenye omu inatoa umeme kidogo kutoka kwenye betri yake ya ndani. Akakwaruza ncha yake kwenye mguu uleule wa volyumu, spika ikajibu "krr, krr". Ampulifaya zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa nyuma, na mbili kati ya zile redio zilikuwa na waya tu uliong'oka kwenye koili ya antena.

Nawasimulia vijana habari hii mara nyingi kwa sababu inaonyesha tofauti ninayoizungumzia kuliko maelezo yangu yote. Mwenzangu aliijua mbinu, tena aliijua vizuri. Ilipohamishwa mahali ilimwacha njiani, kwa kuwa hakuwa na sababu iliyo chini yake. Na leo hii, video za mitandaoni zimejaa mbinu: ukiona dalili hii badilisha kile. Nyingine ni nzuri sana. Lakini aliyerekodi video yuko kwenye mazingira yake, na wewe uko Ludewa, uko Chunya, una umeme wa sola na waya uliounganishwa na fundi asiyejulikana.

Niende kwenye tukio la karibu zaidi. Niliitwa kwenye kituo kidogo cha redio upande wa Njombe. Transmita yao, mtambo wa kurushia matangazo wa wati 150, iko mlimani mbali na umeme wa gridi, inaendeshwa na sola na betri za volti 24. Mchana ilikuwa haina neno. Jua likizama, saa chache baadaye ilianza kujizima na kujiwasha, kujizima na kujiwasha, mpaka kunapambazuka. Walikuwa wamekwisha badilisha pawa saplai ya ndani. Hali ikabaki ileile. Wakaagiza bodi nyingine kutoka nje, ikafungwa, hali ikabaki ileile. Sasa walikuwa wanajadili kununua betri mpya zote, gharama ambayo kwa kituo cha ukubwa ule ni ya kutisha.

Kijana aliyekabidhiwa mitambo alikuwa mchapakazi, na nasema hivyo kwa heshima. Alikuwa na kumbukumbu za kila kujizima kwenye laptopu, kwa saa na dakika, zimechorwa grafu. Nyaya zote alizipima kwa mlio: ncha huku, ncha kule, mita inalia. "Waya ni mzima, mzee," aliniambia.

Nikamwomba daftari. Nikamuuliza betri zinasoma ngapi sasa hivi. Akapima: 25.2. Nikamuuliza, je, kule waya unapoingia kwenye transmita, ikiwa hewani, tutegemee ngapi? Akasema 25.2. Tukakaa chini tukahesabu pamoja. Waya ni wa shaba wa milimita za mraba 6, mita 10 kwenda na mita 10 kurudi. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa kama 0.06 ya omu. Transmita inakula ampea 12. Kwa hiyo njiani zinapotea volti 0.7 hivi, na kule mwisho tunategemea 24.5. Akaandika 24.5 kwenye daftari.

Tukawasha. Kwa sekunde zile chache kabla haijajizima mita ilisoma 21.4.

Hapo hapakuhitaji tena maneno mengi. Transmita ile imetengenezwa ijizime volti zikishuka chini ya 22, ili betri zisife. Ilikuwa inatii amri. Ikijizima, mkondo unakatika, volti zinapanda kurudi 25.2, inajiona salama, inajiwasha. Mchana kontrola ya sola inasukuma betri mpaka 28, kwa hiyo hata ukipoteza karibu 4 njiani bado unabaki na 24. Kila kitu kilichokuwa kwenye grafu zake kilipata maelezo.

Kilichobaki ni kutafuta zile volti zinakoishia. Transmita ikiwa imewashwa, nikamwonyesha kupima kipande kwa kipande: ncha moja kwenye bolti ya betri yenyewe, nyingine kwenye nyuzi za shaba mara tu baada ya lagi, kile kichwa cha waya kinachokazwa na bolti. Pale, kwenye sehemu isiyozidi urefu wa kidole, mita ilisoma volti 3.1. Gawanya kwa ampea 12, unapata robo ya omu. Zidisha volti zilezile kwa ampea 12, unapata wati 37 zinazogeuka joto. Ganda la waya lilikuwa limeshakuwa la kahawia. Tulipoifungua, ndani ya lagi mlikuwa na kutu ya kijani, na ilionekana ilibanwa kwa nyundo siku ya kwanza kabisa.

Mita ya mlio inalia hata ukinzani ukifika omu kumi na zaidi. Kwa kazi ya kujua kama waya umekatika, inafaa. Robo ya omu itaipita bila kuiona, na kwa ampea 12 robo ya omu inaangusha kituo. Tulikata waya, tukasugua nyuzi kwa msasa, tukabana lagi mpya kwa koleo yake. Mita kwenye transmita ikasoma 24.4. Betri za zamani ziliendelea na kazi.

Nimejiuliza sana tumefikaje hapa. Sikubaliani na wazee wenzangu wanaosema vijana wa leo ni wavivu. Zamani ukifungua redio, mara nyingi mchoro wa saketi ulikuwa umebandikwa ndani ya kifuniko. Ulikuwa kama ramani ya mji iliyowekwa stendi: mgeni anajua aanzie wapi. Leo kifaa kinakuja bila mchoro, rezista, kile kipande cha kuzuia mkondo, ina urefu wa milimita 1 na upana wa nusu milimita, na aisii, yaani saketi nzima ndani ya kipande kimoja, imefutwa namba yake makusudi. Bodi mpya inatoka Kariakoo kwa basi la usiku, asubuhi iko stendi ya Mbeya, na mteja anataka kifaa chake jioni. Hata mimi nabadilisha bodi. Kuna kazi ambazo kuchimba mpaka kwenye transista moja ni kupoteza siku ya mtu. Ninachodai ni kwamba uamuzi wa kubadilisha bodi utanguliwe na vipimo, maana bodi nyingi nilizozikuta kwenye maboksi ya "mbovu" hazikuwa na ubovu wowote.

Kuna na suala la mafunzo. Fizikia ya kidato cha nne ina elektroniki, transista zimo, na dayodi zinazopitisha mkondo upande mmoja tu. Vijana wengi ninaowapokea wananiambia waliziona kwenye picha. Chuoni wanafunzi ni wengi, meza za maabara ni chache, kwa hiyo saketi zinaundwa kwenye kompyuta, kwa programu za kuigiza. Nimezitumia programu hizo, ni za msaada mkubwa. Ila waya ndani yake hauna ukinzani wowote. Betri haichoki. Lagi haioti kutu. Kijana anaweza kumaliza miaka mitatu akiunda saketi zinazofanya kazi kila siku, na asikutane hata mara moja na kitu kilichoangusha kituo kile cha Njombe, kwa sababu katika ulimwengu ule ugonjwa huo haupo. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na haizungumzwi.

Na si kwetu tu. Kwenye redio ya ridhaa, yaani wale wanaorusha na kusikiliza mawimbi kwa mapenzi yao, malalamiko kama haya yapo mpaka Marekani, nchi ambayo kampuni ya Heathkit iliuza vifurushi vya kujiundia kuanzia 1947 mpaka 1992, na watu wakajifunza redio kwa kuilehemu wenyewe mezani. Siku hizi redio inafika imekamilika. Mtihani wa leseni ya ngazi ya kwanza kule una maswali 35, ukipata 26 umefaulu, na maswali yote pamoja na majibu yake yako hadharani. Anayetaka kuelewa ataelewa, anayetaka kukariri atakariri, na leseni zao zitafanana.

Hapa kwetu wapenda redio ni wachache. Kurusha kunataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na alama ya wito ya Tanzania, yaani jina la mrushaji hewani, inaanza na 5H. Lakini kusikiliza wanasikiliza wengi, na shauku yao ni kubwa. Kuna vijana wa Iringa walitaka kutundika antena ya masafa ya megahezi 14. Urefu walikuwa nao sawa: 143 gawanya kwa megahezi 14.2, unapata mita 10 na kidogo, kila mkono mita 5. Wakakwama kwenye kebo. Kitabu cha redio kinasema omu 50, na kebo ya omu 50 haikuwepo mjini, mpaka iagizwe Dar es Salaam. Kebo ya dishi, ya omu 75, ilikuwa imejaa madukani. Mtandaoni waliambiwa wasithubutu, redio itaungua.

Tukapiga hesabu kwenye simu, ya nguvu inayorudi nyuma pale omu 50 za redio zinapokutana na omu 75 za kebo. 75 toa 50 ni 25. 75 jumlisha 50 ni 125. 25 gawanya kwa 125 ni 0.2, 0.2 mara yenyewe ni 0.04. Asilimia 4 ya nguvu inarudi. Kwenye wati 100, wati 4. Hakuna sikio duniani litakalotambua pengo hilo. Tena antena yenyewe, ya mikono miwili ya waya, ikiwa juu na wazi ina omu 73 hivi, kwa hiyo kebo ya dishi inapatana nayo kuliko ile waliyokuwa wakiisubiri. Tatizo la kweli la kebo ile hakuna aliyewaambia: wavu wake wa nje ni alumini, na lehemu ya kawaida haishiki kwenye alumini. Ilibidi tuubane kwa skrubu na kipande cha shaba, kisha tufunge kwa mpira na gundi mvua isiingie. Kazi ya mchana mmoja. Ikapokea vizuri mno.

Mmoja wao alikuwa na kile kidude cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya televisheni, ambacho tangu mwaka 2012 hivi watu wamekigeuza kuwa redio ya kompyuta. Ninakipenda sana kidude hicho. Kinakuonyesha masafa mapana kwa mara moja kwenye kioo, kitu ambacho mzee wangu wa Mwanjelwa hakuwahi kukiota. Kijana akanionyesha mistari mingi iliyonyooka, akidhani ni stesheni. Nikamwomba apime umbali kati ya mstari na mstari. Kilohezi 60. Tena 60. Tena 60. Nikamuuliza kitu gani ndani ya nyumba kinawaka na kuzima mara elfu 60 kwa sekunde. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akanyanyuka akachomoa chaja ya simu ukutani, mistari yote ikaondoka. Furaha yake siwezi kuieleza. Alikuwa ameangalia picha ile kwa wiki nyingi, na kwa swali moja ikageuka kuwa kitu anachokielewa.

Kwa hiyo siku hizi Jumamosi nafungua meza yangu hapa Uyole kwa yeyote anayetaka. Tunatumia redio kuukuu ambazo watu wamezitupa, mita za bei nafuu, na daftari lenye safu mbili: ulichotegemea, ulichosoma. Safu ya kwanza inajazwa kabla mita haijawashwa. Mwanzoni wanaona ni usumbufu. Baada ya muda wanaanza kubishana wenyewe juu ya namba kabla hawajapima, na mimi nakaa pembeni nikisikiliza.

Sasa hivi kuna binti wa Ileje, anasoma diploma, ameshika redio yenye transista mbili za jermaniamu kwenye hatua ya mwisho kabla ya spika, aina ya AC128. Moja ilikufa, na kuzipata siku hizi ni shida, kwa hiyo akaweka mbili za silikoni. Redio ikaongea, lakini ikiwa sauti ya chini inakwaruza, ukiipandisha inasafika kiasi. Kwenye safu ya kwanza aliandika 0.65 kati ya besi na emita. Kwenye safu ya pili akaandika 0.18. Alikaa na namba hizo mbili bila kuniuliza, mwishowe akasema, "Mwalimu, rezista hizi zilipangwa kwa jermaniamu. Hizi za silikoni zinalala mpaka sauti iwe kubwa ya kuziamsha, kwa hiyo kila wimbi linakatwa katikati."

Ni sawasawa kabisa. Anataka kuweka dayodi za kuinua ile volti, na nimemwambia azigusishe kwenye mwili wa transista, kwa kuwa volti inayotakiwa kuiamsha transista inashuka kama milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka, na usipoangalia transista itapata moto, itapitisha mkondo zaidi, itapata moto zaidi mpaka iungue. Ameondoka na daftari. Jumamosi ijayo ataniletea hesabu ya volti ngapi anategemea transista ikipata joto la nyuzi 30 zaidi, ndipo tutalehemu.